Jeneza kwenye ngazi: nimeangalia «Bâtiment 5» nikiwa na deni la jengo letu

Wandugu wa promo,

Mwezi jana tuliombwa kila mmoja aandike juu ya filme moja yenye ilimsumbua, siyo lazima yenye ilimpendeza. Wengi mumeandika juu ya filme za hapa kwetu, na nimezisoma zote. Miye nimechagua filme ya Ufaransa. Munivumilie kidogo, juu kabla ya kumaliza tutakuwa tumefika hapa Lubumbashi, tena juu kabisa, kwenye paa.

Filme inaitwa «Bâtiment 5», ya Ladj Ly. Ilitoka Ufaransa mwezi wa Desemba 2023. Ly ni yule wa «Les Misérables», yenye ilipata tuzo la jury kule Cannes mwaka 2019. Wazazi wake walitoka Mali, na yeye alikulia Les Bosquets, mtaa wa majengo marefu katika mji wa Montfermeil, upande wa mashariki wa Paris.

Inaanza na maiti. Bibi mzee amekufa, mwili uko juu katika nyumba yake, na asansere haitembei. Vijana wanapaswa kushusha sanduku kwa ngazi. Ngazi ni nyembamba, ni giza, watu ni wengi. Kila kona wanasimama, wanainamisha sanduku, mmoja anasema polepole, mwingine anashika ukuta. Hakuna muziki wa kutufundisha kulia. Unasikia paka pumzi za watu na mbao zikigusa ukuta.

Kile kipande nilikiangalia mara tatu. Papa yangu alinunua nyumba yetu katika etaji ya nne. Mwaka 2019 alipougua, tulimshusha akiwa hai, kwenye kiti cha plastiki, vijana wanne wakibeba na miye nyuma na ndala zake mkononi. Hakurudi. Siku ya matanga fundi wa masanduku alikuja kupima ngazi yetu, akafika kona ya etaji ya pili, akatikisa kichwa: haitapita. Basi Papa alilala uwanjani chini ya hema, mbele ya jengo lenye alikaa miaka 31, na wazee wenye hawawezi tena kushuka walimuaga kupitia dirisha. Sasa munaelewa kwa nini siwezi kuandika juu ya ile filme kama mwalimu wa sinema.

Niwaambie hadithi kwa ufupi. Mji wa filme unaitwa Montvilliers, ni mji wa kubuni. Jengo moja linabomolewa kwa baruti mbele ya wakubwa, vumbi linawafunika, na meya anakufa palepale kwa ugonjwa wa moyo. Chama kinamweka mahali pake daktari wa watoto, Pierre Forges, mtu mwenye hakuwahi kuomba ile kazi. Upande mwingine kuko Haby Keita, binti wa familia ya Mali, anasaidia wakaaji katika shirika lao na anafanya kazi kwenye arshivu za ofisi ya meya. Rafiki yake Blaz ni kijana mwenye hasira, ameshachoka na mikutano. Meya mpya anataka usafi na utulivu, analeta amri ya kukataza vijana kutembea usiku, na ramani za majengo mapya hazina nafasi ya familia kubwa. Kisha moto unatokea ndani ya Bâtiment 5, katika mgahawa wa siri, na meya anapata sababu yenye alikuwa anatafuta: wote watoke, sasa hivi, wakati wa Noël. Mwisho wake mutajionea wenyewe.

Ly anajua majengo. Hilo nalisema kabla ya kumlaumu. Wengi wanapiga picha ya jengo kubwa kutoka nje, kutoka mbali, kama vile ni mlima wa taabu. Yeye anaingia. Anajua kwamba jengo lenye limezeeka linakaa hasa kwenye ngazi, juu ni pale watu wanapitana na magunia, watoto, habari na matusi. Na kile kipande cha kufukuzwa, godoro zikirushwa kupitia madirisha, frigo zikibebwa mgongoni, polisi wakihesabu dakika, ni kipande chenye sitasahau. Tulikiangalia watu watano kwenye ordinatere yangu, jirani zangu na miye. Mama wa etaji ya tatu alitoka kwenda barza, hakutaka kuona.

Sasa lawama.

Filme ilipoisha, jirani zangu wote walisema kitu kimoja: serikali ni mbaya. Hata miye nilisema hivyo. Tulilala vizuri siku ile. Kesho yake mvua ilinyesha, maji yakashuka kwenye ukuta wa Papa wa etaji ya tano kama kawaida, na nikaanza kujiuliza kwa nini filme juu ya jengo kama letu ilituacha na raha namna ile. Nimefikiri wiki mbili. Jibu langu ni hili: filme inaanza wakati jengo limekwisha kufa. Asansere imekwisha kuharibika, taa zimekwisha kuzimika, kuta zimekwisha kuoza, na tunaambiwa tuchague kati ya meya na wakaaji. Mtu mwenye moyo atachagua wakaaji, bila kufikiri. Lakini jengo halioze siku moja. Kuna siku mtu wa kwanza aliacha kulipa, kuna mwaka ambao hakuna mtu alipanda kusafisha paa. Ile miaka Ly ameiruka. Sikuona mahali hata pamoja wakaaji wanakaa na kaye mezani kuzungumza bili ya paa.

Mutasema: ndugu, ile ni nyumba ya serikali, wakaaji ni wapangaji, wanadaiwa nini? Hapo ndipo inafaa kujua historia ya Les Bosquets. Ilijengwa miaka ya 1960, na arshitekte wake Bernard Zehrfuss siyo mtu mdogo, juu ni mmoja wa wale watatu wenye walichora makao ya UNESCO kule Paris. Na haikuwa nyumba za serikali. Ilikuwa kopropriyete: nyumba ziliuzwa mojamoja, kila moja na mwenyewe. Barabara kubwa yenye iliahidiwa kupita karibu haikujengwa. Wenye pesa waliondoka, wengine walipangisha na kuishi mbali, na familia zenye zilikuja kununua baadaye, nyingi kutoka Afrika, zilinunua nyumba pamoja na madeni ya jengo. Asansere ya kwanza ikasimama, pesa ya kuitengeneza haikutosha, watu wakaacha kulipa juu hakuna kitu kinatengenezwa, na hakuna kitu kinatengenezwa juu watu wameacha kulipa. Mwishoni serikali ilikuja na mashine za kubomoa. Kwa hiyo meya wa filme hakuanguka kutoka mbinguni. Alikuta mlango wazi.

Kuonyesha ule mlango siyo kuwalaumu maskini. Kungetuonyesha kwamba Haby na mama yake siyo wageni ndani ya jengo, ni wenyewe, na kwamba ubaya wa mambo yote ni kuwa mwenyewe wa kitu chenye huwezi kukitunza peke yako. Hiyo ingekuwa filme ngumu zaidi. Inawezekana watu wasingelala vizuri.

Nieleze kidogo, juu hata kwenye promo yetu, na wanasheria wote tuko nao, wengi hawajui. Ufaransa wana sheria ya 10 Julai 1965. Inasema mwenye nyumba katika jengo la wengi ana vitu viwili vyenye havitengani: nyumba yake ndani ya kuta zake, na sehemu yake katika vitu vya wote, ni kusema udongo, paa, ngazi, mabomba makubwa. Huwezi kuuza kimoja ukabaki na kingine. Wote wanakutana katika mkutano mkuu, wanapiga kura kufuatana na ukubwa wa sehemu zao, na msimamizi, wanamwita syndic, anatekeleza. Mwaka 2014 waliongeza sheria nyingine: kutoka 2017, majengo ya namna ile yanapaswa kuweka akiba ya kazi kubwa, angalau asilimia 5 ya bajeti ya kila mwaka. Waliona kwamba watu hawaweki akiba kwa mapenzi, hata Wafaransa.

Kwetu, sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali, na sisi tunapewa haki juu yake na certificat d'enregistrement mkononi. Papa yangu aliiweka yake ndani ya Biblia. Kampuni yenye alifanyia kazi ilikuwa na jengo zima, lilijengwa kabla ya uhuru, nyumba 18: tatu chini na tatu kwenye kila etaji mpaka ya tano. Kampuni ilipokosa mishahara, iliwauzia wafanyakazi nyumba zenye walikuwa wanaikala, ikakata ile bei kwenye deni lao. Watu walicheza ngoma. Hakuna mtu aliuliza kampuni ilikuwa inatumia pesa ngapi kwa mwezi kwa zile taa, ile pompe na ule mlinzi. Karatasi ya Papa inasema ni mwenye nyumba. Haisemi nani atanunua balbu ya ngazi.

Kaye ya jengo iko kwa Mama wa etaji ya pili, mwalimu wa zamani. Aliniruhusu nisome. Inaanza 1996, kwa mwandiko mzuri, nyumba 18, alama 18 kila mwezi. Mwezi wa tatu 2004 asansere inasimama. Mpaka mwezi wa nane wote wanaendelea kulipa, wakingoja fundi. Mwezi wa tisa nyumba za chini zinaacha. Mwaka unaofuata etaji ya kwanza inaacha, juu chini wameacha. Kisha mlinzi anaondoka, kisha mtu anaiba mota ya pompe, kisha wale wa juu wanasema: sisi tunabeba maji kwa mabidoni mpaka etaji ya tano, tutalipa nini tena? Mwaka 2011 kuna alama nne kwa mwezi. Baadaye kurasa ni nyeupe, isipokuwa ukurasa mmoja wenye mtoto alichora gari.

Ile kaye, kwangu, ni filme kuliko filme. Hakuna meya ndani yake. Hakuna mtu mubaya hata mmoja. Kila mtu mwenye aliacha kulipa alikuwa na sababu nzuri.

Mwaka jana tulifanya mkutano, wa kwanza tangu miaka mingi. Papa wa etaji ya tano, mzee wa miaka 78, alishuka mapema saa moja kabla, juu ya magoti. Alieleza kwamba maji yanaingia kwake kupitia beto. Mwenye nyumba wa chini, mtu mwenye anauza simu pale mbele, akajibu:

«Papa, na heshima yote, miye naikala chini. Ile asansere nitaipanda niende wapi? Na ile mvua, kwangu haifikake.»

Watu walicheka. Mzee hakucheka. Akasema:

«Mwanangu, hii kichwa ni ya yetu wote. Ikioza, na miguu itafanya nini?»

Nilikuwa na hamu ya kusema kitu cha akili, juu nilikuwa nimesoma, lakini sikujua. Nimejua baadaye, na nashangaa namna ile sheria ya Wafaransa iliona hii vita kabla. Inatenganisha. Kwa asansere na vitu kama hivyo, kila mtu analipa kufuatana na faida yenye nyumba yake inapata: kwa hiyo yule wa chini alikuwa na haki, kama hana kitu cha kufanya juu, asansere siyo deni lake. Lakini kwa kulinda jengo lenyewe, paa, kuta, misingi, kila mtu analipa kufuatana na sehemu yake, hata kama mvua haimfikie. Sisi tulichanganya vyote katika pesa moja, tukapoteza vyote. Kama mwaka 2004 mtu angetenga asansere upande mmoja na paa upande mwingine, labda ile kaye isingekufa.

Na paa ni kitu cha haraka. Fundi alipanda na miye. Jengo letu lina paa ya beto, bapa, lenye lilifunikwa na rufingi wakati wa Wabelgiji na mara moja wakati wa kampuni. Rufingi imepasuka kwa jua. Lakini ubaya mkubwa tumeuleta wenyewe: kila mmoja alipanda kwa wakati wake kuweka antene, tanki ya maji, na siku hizi panneau za jua, na kila mmoja alitoboa beto kufunga vyuma vyake. Nilihesabu matundu 23. Matatu ni yangu. Vile vile mifereji ya kushusha maji imefungwa na majani ya jacaranda, kwa hiyo mvua ya mwezi wa kumi na mbili haina njia, inakaa pale kama bwawa na kutafuta tundu. Maji yakifika kwenye ferabeto, chuma kinaota kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma, inavimba ndani, inasukuma beto mpaka ivunjike. Fundi aligonga dari la Papa wa tano kwa nyundo yake kidogo tu, kipande kikubwa kama sahani kikaanguka kitandani. Akasema bei: dola 4 500 kwa rufingi mpya, mifereji, na kufunika vile vyuma. Nyumba 18, dola 250 kila moja.

Narudi kwenye filme, juu hapa iko lawama yangu ya pili, na ndiyo kubwa. Meya anaamuru watu watoke akisema jengo ni hatari. Filme inatuonyesha kwamba anadanganya, au kwamba hajali kama ni kweli. Sawa. Lakini jengo lenyewe, ni hatari ama siyo hatari? Hakuna mtu mwenye anauliza kwa uzito. Hakuna fundi mwenye anagonga dari kwa nyundo. Kwa Ly, kutoa watu ndani ya nyumba zao ni dhuluma, basi.

Mukumbuke Marseille. Tarehe 5 Novemba 2018, majengo mawili yalianguka katika rue d'Aubagne, namba 63 na namba 65. Watu 8 walikufa, wote wa namba 65. Ile namba 65 ilikuwa kopropriyete, yenye wenyewe, yenye syndic, yenye karatasi zote. Wiki chache kabla, mtaalamu alikuja, wakaaji walitolewa, kisha siku ileile wakaruhusiwa kurudi. Pale dhuluma ilikuwa kuwaacha ndani. Baada ya hapo, mji ukashikwa na woga, na watu wengi sana walitolewa katika nyumba zao kwa haraka, na wengi walikaa hoteli miezi na miezi. Dhuluma zote mbili katika mji mmoja, mwezi mmoja. Ly alitengeneza filme yake miaka mitano baadaye, alijua hayo yote, na alichagua paka dhuluma moja, ile yenye ni rahisi kupiga picha. Mama mwenye anafukuzwa na godoro kichwani anaonekana. Ufa wenye unakua milimita kwa mwaka hauonekani, na hauna wakili.

Sisemi kwamba alipaswa kutengeneza filme ya mafundi. Kuna filme nyingine yenye ilijaribu, «Gagarine» ya 2020, ya Fanny Liatard na Jérémy Trouilh. Walipiga picha katika mtaa wa kweli, cité Gagarine kule Ivry-sur-Seine, yenye Youri Gagarine mwenyewe alitembelea mwaka 1963, na kazi ya kuibomoa ilikuwa imekwisha kuanza mwaka 2019. Ndani yake kijana mwenye jina Youri anakwenda kununua balbu na waya, na rafiki zake, wanatengeneza taa za ngazi na asansere kabla wataalamu hawajafika kukagua. Nusu ya kwanza ni vizuri sana: kwa mara moja niliona kwenye sinema mtu mwenye anapenda jengo lake na bisibisi mkononi. Kisha filme inapanda kwenye nyota na ndoto, na miye nikabaki chini nikimtafuta yule fundi. Zile zilikuwa nyumba za kupangisha, Youri alikuwa anatengeneza kitu chenye siyo chake. Haby na watu wa Les Bosquets walikuwa na karatasi.

Na Haby ndiye anaumiza zaidi. Ly alimweka kwenye arshivu! Binti mwenye anashika mafaili ya mji mzima, mwenye anaweza kusoma nani aliuza, nani aliahidi, pesa ilipita wapi. Nilifikiri: sasa itaanza. Atafungua lile faili. Lakini filme inachukua arshivu kama mapambo, inamtuma Haby kwenye uchaguzi na Blaz kwenye petroli, kama vile hakuna njia ya tatu. Miye kule Montvilliers ningemfuata yule binti mwenye faili, hata kama ni polepole, hata kama watu wangelala kwenye viti.

Nilipomwambia hayo Mama wa etaji ya tatu, yule mwenye alitoka kwenda barza, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

«Yaya, unasema muzuri. Lakini ile dola 250, miye nitaitosha wapi? Nauzisha makala. Weye unasema batu baliacha kulipa. Balikuwa nayo?»

Sikuwa na jibu, na sina hata sasa. Ana haki juu ya filme pia: yeye aliona kitu chenye miye sikuona. Kwa mtu mwenye anauza makala, tofauti kati ya jengo lenye limeachwa na jengo lenye limenyang'anywa siyo kubwa, mwisho wake ni godoro kichwani. Ly anapiga picha kutoka upande wake. Miye ninaandika kutoka upande wa mtu mwenye ana mshahara, ordinatere, na matundu matatu juu ya paa.

Kuna jambo jingine lenye nilipaswa kusema mwanzo. Baada ya ule mkutano tulikubaliana dola 15 kwa mwezi, kila nyumba, kwa paa tu. Asansere tumeiacha ilale. Wale wenye hawana watatoa kidogokidogo, ama watatoa kazi: kijana wa Mama wa tatu atasafisha mifereji, na kazi yake itaandikwa kwenye kaye kama pesa. Miye nililipa mwezi wa kwanza. Kisha nilisema mweka hazina hatoi risiti, na kwamba nitalipa akianza kutoa risiti. Ilikuwa sababu nzuri. Mwenye nyumba wa chini, yule wa simu, mwenye mvua haimfikie, alilipa miezi yote, bila risiti. Wakati naangalia sanduku likishuka ngazi za Bâtiment 5 na machozi machoni, nilikuwa na deni la miezi 11, dola 165.

Juzi nilishuka kwa Mama wa etaji ya pili na dola 90. Alivaa miwani, akaandika miezi sita, mwandiko wake ukiwa uleule wa 1996, akaniomba nisaini. Hakuniuliza kitu juu ya filme. Aliniuliza paka yale matundu matatu ya panneau zangu, kama nitayafunga kabla ya fundi kuja ama nangoja alipe jengo. Nitayafunga Jumapili, nikitoka misa. Kama kuna ndugu wa promo mwenye ana kipande cha rufingi kilichobaki kwenye shantiye yake, aniandikie.